Nondo Badala ya Pini

Karatasi ilifika hospitalini kabla ya mume wangu. Nilikuwa nimelala kitanda cha dirishani, mbavu zimefungwa bandeji, sindano ya dripu mkononi, pale mhasibu wa Gendov, mwenye shamba la mawaridi, alipoingia na mkoba wake wa ngozi. Akawa anakwenda kitanda hadi kitanda kama mtu anayegawa peremende. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye lile trela lililopinduka, na sita kati yetu tuliishia wodini. Aliponifikia alinipa kalamu, akanionyesha kwa kidole mahali pa sahihi.

"Utaratibu tu huu, dada Tinka. Mzee anataka kuwasaidia, lakini bila karatasi atasaidiaje?"

Nikatia sahihi. Sikusoma hata neno moja. Aliniachia bahasha juu ya kikabati, na zile pesa baadaye nilinunulia kuni.

Nedelya Karaslavova alikuwa vitanda viwili kutoka changu. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imevunjika, akisubiri kupasuliwa kesho yake. Uso ulikuwa mweupe kama jibini, lakini mhasibu alipomnyooshea kalamu, hakuipokea.

"Niletee miwani yangu," alisema.

"Miwani ya nini, shangazi? Mistari minne tu hiyo."

"Kama ni minne, hatutachelewa."

Nesi akamvalisha miwani. Nedelya akasoma kwa sauti, wodi nzima ikisikia: "'Nilipanda trela kwa hiari yangu, bila kuagizwa na mtu yeyote, nikijua kuwa halikutengenezwa kubeba watu. Sina dai lolote dhidi ya mwenye shamba, dereva wala bima.'" Akavua miwani. "Kijana, wewe ulishamwona mtu anapanda trela la samadi kwa hiari yake? Labda nguruwe, na hata huyo anasukumwa."

Tulicheka. Mbavu zangu zilinikomoa kwa kicheko kile.

"Usipotia sahihi, shangazi, hakuna bahasha."

"Na nikitia, nyonga yangu inakuwa imejivunja yenyewe. Toka hapa."

Ndivyo alivyokuwa Nedelya. Miaka hamsini na minane, mjane, misimu arobaini ya kuchuma mawaridi katika bonde letu. Wenye mashamba walimjua kwa sababu hakuwahi kumwaga gunia lake kwenye mzani bila kuinama kuusoma. Baadhi yetu tulimwona mgomvi. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mambo yenyewe yalitokea hivi. Waridi huchumwa mapema, kabla jua halijanyonya mafuta yake, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshasimama kituoni kijijini kwetu Zlatarevo na ndoo zetu, tukisubiri basi la Gendov. Basi halikuja. Alikuja Zhivko, mpwa wake, na trekta linalovuta trela.

"Gari la harusi limekufa injini!" alipiga kelele kutoka juu. "Haya, mabibi harusi, pandeni hili!"

Nedelya alimuuliza tutakaa wapi. Zhivko akamwambia akalie alichopewa na Mungu. Nedelya akakataa kupanda. Ndipo Zhivko alipompigia simu mjomba wake, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie. Sauti ya Gendov ilitoka wazi kabisa: "Asiyepanda leo, kesho asije."

Msimu wa waridi ni wiki tatu, nne ukiwa na bahati. Ukifukuzwa wiki ya kwanza, umekosa riziki ya mwaka mzima. Tukapanda. Nedelya alipanda wa mwisho.

Mimi nilipanda kwa mbele, pale trela linapoungana na trekta, na wakati nikitafuta pa kukanyaga niliona kitu. Mahali pa pini nene ya chuma inayoshika trela, walikuwa wamechomeka kipande cha nondo, ile ya kujengea nyumba, kimekunjwa ncha kama msumari. Nilikiona, nikajisemea kwamba wanaume wanajua wanachofanya. Nikaketi.

Kwenye mlima wa kuelekea shamba la juu, nondo ilichomoka. Trekta likaendelea mbele, sisi tukarudi nyuma. Nakumbuka Zhivko akigeuka na simu bado sikioni. Trela lilishika kasi, likaacha barabara, likapindukia mtaroni. Nedelya lilimlalia nyongani.

Jioni hiyo polisi walipokuja kukagua trekta uani kwa Gendov, walikuta pini mpya kabisa, bado ina grisi ya dukani.

Vuli ilipofika, mimi nilikuwa nimepona. Nedelya alikuwa anatembelea magongo, na daktari alishamwambia mguu wa kushoto umebaki mfupi na kwamba kuinama siku nzima shambani asahau. Aliandika madai kwa kampuni ya bima ya lile trekta. Wakamjibu kwa barua ya kurasa mbili. Waliandika kwamba pini ilikuwa nzima, kwamba wanawake walikuwa wamesimama wakiimba na kucheza hadi trela likayumba na kujichomoa, na kwamba mtu mzima anayepanda trela lisilo na viti ameyataka mwenyewe. Kwa hiyo nusu ya kosa ni lake. Kwa nusu iliyobaki walimpa kiasi ambacho hakingetosha hata magongo na mazoezi ya mguu. Gendov naye alisema siku ile Nedelya hakuwa mfanyakazi wake, maana mkataba wa siku haukuwa umeandikwa. Kweli haukuwa. Wa nani uliwahi kuandikwa?

Alinijia na barua ile, akaketi jikoni kwangu, magongo yameegemea jiko.

"Saa kumi na moja alfajiri," alisema, "nani anacheza? Wewe ulicheza, Tinka?"

"Nilikuwa nasinzia."

"Basi umesinzia kwa mdundo."

Nikacheka, nikammiminia chai. Kisha nikamwambia lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kinamwambia. "Chukua walichokupa, Nedelya. Yule ni Gendov. Nusu ya watu hapa wanakula kwake." Mume wangu Stanyo alikuwa mmoja wa hao nusu. Miaka kumi na tisa alikuwa akichochea moto wa matangi kwenye kiwanda chake cha mafuta ya waridi.

"Wakinipa kidogo wakasema hawana zaidi, nitaelewa," alijibu. "Lakini hawa wananipa na kuniambia nitubu. Nitubu nini?"

Alikwenda mjini Stara Zagora kwa basi, akampata wakili anayeitwa Mileva, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la viatu. Safari ya pili nilimsindikiza, kwa sababu ngazi zilikuwa nyingi. Hivyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Tuanze na wewe unachotakiwa kuthibitisha," alisema Mileva. "Kwamba uliumia, na kwamba uliumia kwa sababu ya ajali ile. Vyeti vya daktari vipo, ripoti ya polisi ipo. Hilo limekwisha. Sasa, chombo kikimdhuru mtu, sheria yetu inaanza kwa kudhani mwendeshaji ana kosa. Yeye ndiye ajisafishe. Bima yake inasimama mahali pake, inalipa. Na bima hiyo humlinda abiria hata kama alikalishwa mahali pasipo na kiti."

"Mbona wanasema nusu yangu?"

"Kusema ni bure, mama. Anayesema umechangia kuumia kwako ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wanasema mlicheza: walete aliyeona. Lakini hilo la wewe kupanda trela hakimu atalipima, nisikudanganye. Atauliza kama ungeweza kukataa."

"Nilikataa. Nikatishiwa."

"Nani alisikia?"

"Wanawake kumi."

"Na wametia sahihi karatasi kwamba hawakusikia kitu."

Mileva hakunitazama. Nedelya pia hakunitazama. Nilitazama viatu vyangu.

"Zile karatasi," niliuliza, "zinatufunga?"

"Karatasi aliyotia mtu sahihi juu ya kitanda cha hospitali, bila kusoma, hakimu ataipima pamoja na mengine yote. Haikufungi mdomo. Ila ukisema tofauti, watakuuliza ni lini ulidanganya."

Basi la kurudi lilifika katikati ya njia. Ndipo nikamwambia habari ya nondo. Miezi mitano nilikuwa nimeimeza.

Nedelya aligeuka polepole. Nilidhani atanipiga na gongo.

"Uliiona kabla hatujaondoka?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akaliegemeza gongo kwenye dirisha. "Mtu mwingine ningemtukana," alisema, "lakini wewe mbavu zilishakutukana."

"Stanyo atafukuzwa kazi, Nedelya. Siwezi."

"Sijakuomba. Nakuambia tu, nitampa Mileva jina lako, na utaitwa mahakamani. Barua ikija usishtuke."

"Huo ndio urafiki?"

"Huo ndio ukweli. Ungekuwa urafiki, ningekuletea keki."

Barua ya wito ilikuja baada ya theluji kuyeyuka. Stanyo aliisoma, akaiweka juu ya meza, akaisoma tena.

"Utasema nini?"

"Nilichokiona."

"Umeona nini kwani? Kipande cha chuma."

"Ndicho nitakachosema. Kipande cha chuma."

Wiki nzima tulizungumza juu ya chumvi na mkate tu. Gendov mwenyewe alimsimamisha Stanyo karibu na matangi, akamwambia mke mwema hukaa nyumbani. Stanyo alinisimulia maneno hayo akivua viatu, bila kusema yeye alijibu nini. Lakini asubuhi ya kesi nilipotoka, nilikuta ameshawasha gari. Alikuwa amevaa koti lake la misibani, na Nedelya ameketi kiti cha mbele, magongo yametokeza dirishani.

Wakili wa bima aliitwa Ralchev. Mrefu, nadhifu, sauti laini kama ya mtu anayekuuzia zulia. Kwanza alimleta Zhivko. Zhivko aliapa kwamba pini ilikuwa nzima, na kwamba sisi tulikuwa tunaimba.

"Wimbo gani?" aliuliza Mileva.

"Wa... nyimbo za kike zile."

"Uliusikia ukiwa unaongea na simu, au ulipomaliza?"

Zhivko alisema hakuwa na simu. Mileva akampa hakimu orodha kutoka kampuni ya simu: mazungumzo ya dakika saba, yakianza kabla ya ajali na kwisha baada yake. Zhivko alimtazama Ralchev. Ralchev alikuwa anatafuta kitu kwenye faili.

Kisha nikaitwa mimi. Nilieleza kuhusu kituo, simu ya Gendov, nondo. Hakimu, mwanamke mwenye mafua, aliniuliza nondo ilikuwa na ukubwa gani. Nikamwonyesha kidole changu cha shahada. Akauliza nilijuaje kwamba ni nondo. Nikamwambia nyumba yetu tuliijenga wenyewe, nimekunja nondo nyingi kuliko za Gendov.

Ralchev akasimama na karatasi mkononi.

"Hii ni sahihi yako, mama?"

"Ni yangu."

"Hapa umesema ulipanda kwa hiari, bila kuagizwa. Leo unasema mlitishiwa. Kwa hiyo mama, unadanganya inapokufaa?"

Nyuma yangu niliwasikia watu wa kijijini wakijisogeza kwenye mabenchi. Gendov alikuwa safu ya pili, amekunja mikono. Nikamwona Stanyo mlangoni na koti lake la misibani, na sijui kwa nini, hasira ilinipanda kuanzia miguuni.

"Nilidanganya," nilisema. "Nilidanganya nikiwa nimelala chali, na sindano mkononi, kwa maneno aliyoyaandika mtu mwingine. Leo nimesimama na maneno ni yangu. Andika hilo, bwana. Na andika pia kwamba nilipewa bahasha, nikaipokea, na siirudishi, maana kuni zimeshateketea."

Watu walicheka. Hakimu alipenga kamasi na kugonga meza, lakini alichelewa kidogo kugonga.

Mwisho Ralchev alimuuliza Nedelya swali moja tu. "Mama, ulijua kwamba trela lile halina viti wala mikanda. Una akili timamu. Kwa nini ulipanda?"

Nedelya alisimama. Mileva alimwambia anaweza kukaa, akakataa.

"Wewe umefikaje hapa leo, bwana?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Umekuja kwa gari lako, umechagua. Mimi gari lilichaguliwa na mwenye kazi. Nilisema hapana mbele ya wanawake kumi. Akaniambia kesho nisije. Hiyo 'kwa nini' yako kamuulize yeye, yuko pale, safu ya pili, na kiuno chake kizima."

Hukumu ilitoka kiangazi. Tulikuwa watatu ofisini kwa Mileva, feni ikizunguka bure. Hakimu alikuwa ameamini habari ya nondo. Dereva alikuwa na kosa, bima ilipe. Habari ya nyimbo na kucheza ilitupwa yote. Fidia ilikuwa mara sita ya ile ya kwanza. Lakini mwishoni kulikuwa na sentensi moja: kwa kupanda chombo alichojua si cha abiria, mdai alichangia madhara yake kwa sehemu moja ya kumi, na fidia imepunguzwa kiasi hicho.

Mimi nilishamkumbatia. Nilihisi mabega yake yamekakamaa.

"Rudia hapo pa mwisho," alimwambia Mileva.

Mileva akarudia.

"Kata rufaa."

"Mama Nedelya, sikiliza. Umeshinda. Rufaa ni mwaka mwingine, na watu wa bima nao watakata ya kwao. Unaweza kupoteza zaidi ya hiyo sehemu ya kumi."

"Najua hesabu. Miaka arobaini nimesoma mizani." Akajifuta jasho. "Ukiniambia sehemu ya kumi ya nyonga ilivunjika kwa kosa langu, nionyeshe ni kipande gani. Madaktari wanazo picha."

"Nedelya," nikasema, "inatosha sasa."

"Kwako inatosha. Wewe hukuambiwa umechangia." Kisha akanilegezea sauti. "Tinka, mwakani wasichana wa watu watasimama pale kituoni. Litakuja trela lingine. Wakivunjika, bima itatoa hukumu hii na kusema: hata yule mama mbishi, mahakama ilimkuta na kosa. Wataanzia kwenye moja ya kumi, watafika nusu."

Mileva akavuta karatasi mpya, akaanza kuandika.

Siku tisa baada ya hukumu ile, Stanyo aliambiwa kazi zimepungua. Zilipungua kwake peke yake. Matangi yaliendelea kutoa moshi. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi na birika lake la chai na taulo, akaketi barazani. Nilijiandaa kwa lawama. Aliniomba tu supu ya mtindi na matango. Alipomaliza bakuli alisema, "Miaka kumi na tisa sikuwahi kumjibu yule mtu. Leo nimemjibu." Mpaka leo hajaniambia alimjibu nini, ila mhasibu tukikutana dukani huwa ananipisha njia. Stanyo alikaa miezi minne bila kazi, ikawa miezi migumu, tukauza mbuzi wawili. Kisha akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao huko ng'ambo ya mto, kwa mshahara mdogo zaidi.

Si kila mtu kijijini alimshukuru Nedelya. Kuna waliosema kaua riziki za watu kwa ubishi. Mwanamke mmoja alimtemea mate karibu na magongo yake nje ya kanisa. Nedelya alimwambia, "Umekosea shabaha, dada, sogea karibu."

Majibu ya rufaa yalikuja mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, siku tunayochoma pilipili hoho za kuhifadhi. Uani kwangu moshi ulikuwa umetanda, mikono yetu imelowa juisi nyekundu hadi kwenye viwiko. Mileva alipiga simu kwanza, kisha mchana tarishi akaleta bahasha. Nedelya mikono yake ilikuwa imechafuka, akaniambia nifungue mimi. Nikajifuta kwa aproni, nikatafuta ukurasa wa mwisho, kisha nikagundua hoja yenyewe iko ukurasa wa tano.

Nikasoma: "'Mfanyakazi aliyekataa kupanda, kisha akaambiwa achague kati ya kupanda na kupoteza kazi, hawezi kuhesabiwa kuwa ameikubali hatari hiyo kwa hiari yake. Hakuna sehemu ya madhara inayotokana na mwenendo wa mdai. Punguzo linafutwa.'"

"Tena," alisema.

Nikasoma tena. Akanitaka mara ya tatu, polepole, na safari hii alikuwa anasogeza midomo pamoja nami kama mtu anayejifunza sala. Stanyo alikuwa amesimama na koleo la moto mkononi, hajui aliweke wapi.

Nedelya hakulia. Alivuta pumzi ndefu kupitia pua, moshi ukampalia, akakohoa hadi tukampa maji. Alipotulia aliichukua ile karatasi kwa ncha za vidole viwili ili asiichafue, akaikunja, akaiingiza kifuani mwa gauni lake.

"Kesho nitakwenda kuitoa nakala," alisema. "Kumi na moja. Kila mmoja wetu wa lile trela apate yake." Kisha akavuta karai la pilipili karibu na mguu wake mfupi, akachukua moja iliyoungua vizuri, na kuanza kuimenya.